Kutu Haifichwi kwa Puti

Mwalimu mmoja mstaafu wa Tanga alijenga nyumba ya kupangisha kwa kiinua mgongo chake, upande wa mji unaopokea upepo wa bahari moja kwa moja. Nyumba hiyo ina korido ndefu yenye vyumba kushoto na kulia, na pale korido inapokata kuelekea bafuni kuna kona ambayo kila mkazi huipita mara nyingi kwa siku: mwenye ndoo ya maji, mwenye beseni la nguo, mtoto anayekimbizana na mwenzake. Fundi aliyemjengea alimshauri atie chuma cha kona kabla ya kupiga lipu, naye akakubali. Ulikuwa ushauri mzuri. Lipu ya saruji ni imara kwenye uso wa ukuta, lakini kwenye ncha ya kona haina cha kuegemea, na ikigongwa humeguka. Chuma cha kona ni ukanda mwembamba wa bati lililopakwa zinki, wenye mgongo uliojikunja na mbawa mbili za wavu. Mbawa huzikwa ndani ya lipu, na mgongo hubaki kwenye ncha kupokea kipigo.

Siku mpangaji mmoja alipohama, vijana waliombebea kabati la nguo walikata kona hiyo vibaya. Mguu wa kabati ukagonga ukuta kwenye usawa wa goti. Lipu ikamwagika sakafuni, na chuma kikabaki wazi kiasi cha shibiri moja, kimebonyea katikati na kukwaruzwa. Hakuna aliyeshtuka. Kila aliyeitazama kona ile aliona kazi ndogo, na kwa kuwa ilionekana ndogo, haikupewa fundi wa kuichunguza. Ilipewa mtu wa kuiziba.

Aliyeitwa ni kijana mpaka rangi wa mtaa wa pili.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Hii kona nizibie upesi, mpangaji mpya anaingia mwisho wa mwezi.”

“Hilo tu? Hata saa sita haifiki, nimemaliza.”

Akakoroga unga wa jipsamu kwenye kipande cha ndoo, akaupaka juu ya chuma kama alivyokikuta, pamoja na vumbi lake na mbonyeo wake. Ulipokauka akapiga msasa, akarudishia rangi, akalipwa, akaenda. Kwa macho kazi ilipendeza. Kona ilikuwa kali na nyeupe kuliko hata siku nyumba ilipohamiwa.

Kabla hatujaendelea, inafaa kuelewa kilichokuwa kinaendelea ndani ya ukuta, maana kijana yule hakuwa mvivu wala tapeli. Hakujua tu tofauti ya vitu viwili ambavyo kwa macho vinafanana. Saruji ina alkali kali, na alkali hiyo hujenga utando mwembamba unaokilinda chuma kilichozikwa ndani yake. Ndiyo sababu nondo hukaa ndani ya zege kwa miaka mingi bila kuliwa. Jipsamu haina kinga hiyo. Zaidi ya hapo, inakorogwa kwa maji, na ikikauka inaendelea kunywa unyevu wa hewa na wa ukuta. Ukiipaka juu ya chuma kilichokwaruzwa, umekivika chuma nguo mbichi ukakifungia ndani.

Zinki iliyopakwa juu ya bati nayo ina kazi yake. Unyevu ukiingia, zinki hukubali kuliwa yenyewe kwanza ili chuma kilicho chini yake kisalimike. Lakini zinki ni tabaka jembamba sana, na hewa ya pwani, yenye chumvi mchana na usiku, huimaliza haraka kuliko hewa ya bara. Ikiisha, zamu ni ya chuma. Kutu inayotokea hapo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kati ya mara mbili na mara sita kulingana na aina yake. Ndani ya ukuta hakuna nafasi ya ziada. Kwa hiyo kutu husukuma. Lipu inayopasuka kwa mstari ulionyooka kando ya kona mara nyingi haijapasuka kwa sababu ilikuwa mbaya. Imesukumwa kutoka ndani.

Masika yalipoingia, mpangaji mpya akamwambia mwenye nyumba kwamba kona imetoa doa la rangi ya chai. Kijana akaitwa tena, akapaka rangi ya maji juu ya doa. Baada ya wiki chache doa likarudi mahali pale pale, kwa kuwa rangi ya maji haiizuii kutu, na doa hupenya hadi juu. Akarudi mara nyingine na puti, safari hii akaipaka nene zaidi. Puti imetengenezwa kwa ajili ya kusawazisha uso wa ukuta kwa unene wa milimita moja, mbili au tatu hivi. Ukijazia nayo shimo la lipu, inapasuka inapokauka, au inabaki laini kiasi kwamba mpini wa fagio unatosha kuimegua.

Mwalimu akachoka na kijana, akamwita mtu mwingine. Huyu alisema tatizo ni jipsamu, dawa ni saruji, na hapo alikuwa na nusu ya ukweli. Lakini hakubandua chochote. Aliikandika saruji juu ya rangi, juu ya puti, juu ya kutu. Saruji haishiki kwenye rangi, na kitu kilichowekwa juu ya kutu hushikilia kutu tu. Kwa muda mfupi kona ikawa na kibandiko kinene, kizito, kilichosimama kwa bahati.

Bahati hiyo iliisha jioni moja watoto wakicheza koridoni. Mmoja alijigonga kwenye kona, kibandiko kikaanguka, na nyuma yake kikatokea chuma kilicholiwa hadi kuwa chembamba kama wembe. Mtoto akachanwa mguuni chini ya goti. Akapelekwa hospitali, akashonwa, akachomwa sindano ya pepopunda. Namshukuru Mungu kwamba aliyeumia alipona. Lakini angalia gharama ilipofika: kazi tatu za kuziba, rangi mara tatu, matibabu ya mtoto wa watu, na ugomvi na mzazi wake aliyekuwa akilipa kodi bila kuchelewa.

Ndipo akaitwa mwashi mzee, mtu aliyeshika mwiko tangu ujana wake. Mwalimu alitaka kujua bei kwanza. Mzee akamjibu, “Mwalimu, kabla ya bei, nionyeshe bafu.”

Hakuanza na tindo. Alichuchumaa, akageuza mwiko, akawa anaugonga ukuta kwa mpini taratibu, kuanzia sakafuni kwenda juu. Chini sauti ilikuwa ya kitu kilicho wazi ndani, kama anagonga debe. Alipofika usawa wa kiuno sauti ikabadilika, ikawa nzito na fupi. Pale akaweka alama ya penseli. Akafanya hivyo hivyo upande wa pili wa kona, akaweka alama nyingine. Kisha akaubandika mgongo wa kiganja ukutani, chini kabisa, juu ya sakafu. Ukuta ulikuwa wa baridi, wakati mvua ilikuwa imekatika siku nyingi.

Akawaomba wapangaji wote wafunge koki na wasitumie maji kwa robo saa. Akatoka nje hadi kwenye dira ya maji, akafuta kioo kwa kidole, akatazama. Sindano ndogo ilikuwa inatembea. Nyumba nzima haikuwa na koki iliyofunguliwa, na bado maji yalikuwa yanapita. Fundi bomba alipoitwa na kupasua upande wa bafuni, alikuta kiungo cha bomba kinachotoa tone moja baada ya jingine ndani ya ukuta. Maji hayo yalikuwa yakishuka hadi chini ya tofali, kisha yakipanda kupitia vinyweleo vya tofali na lipu, kama maji ya ardhini yanavyopanda kwenye ukuta usio na kizuizi cha unyevu. Kona ile ilikuwa inaoza kuanzia mguuni kwenda juu. Pigo la kabati halikuleta ugonjwa, liliufunua. Na watu wawili walilipwa kuufunika tena.

Hapa pana funzo la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote. Chuma kinapoonekana kwenye kona, usiulize kwanza utakiziba kwa nini. Uliza kimeonekana kwa sababu gani. Kama kimegongwa tu, chuma kitakuwa kimebonyea lakini kinang'aa, na lipu ya jirani yake itatoa sauti nzito ukiigonga. Kama kimesukumwa na kutu, utaona unga wa kahawia, magamba yanayobanduka kwa ukucha, ufa unaofuata kona kwa kunyooka, na lipu inayolia wazi. La kwanza unaweza kulitengeneza leo. La pili haliponi mpaka umeyapata maji: bomba linalovuja, bafu ambalo vigae vyake havikuzibwa vizuri, paa linalopitisha maji, au udongo wa nje uliorundikwa juu ya msingi.

Bomba lilipotengenezwa, mwashi yule aliacha ukuta wazi mpaka ulipokauka, na wakati huo alikataa kupokea hata senti. Kisha akaanza, na mpangilio wa kazi yake unafaa kushikwa na kila mwenye nyumba, hata kama hatashika mwiko, ili ajue cha kumdai fundi.

Kwanza alizima umeme kwenye swichi kuu, kwa sababu nyaya za taa ya korido hushuka karibu na kona. Akavaa miwani na kufunga barakoa; vumbi la lipu iliyokatwa kwa grenda lina chembe za mchanga ambazo zikiingia mapafuni hazitoki. Akakata lipu pande zote mbili za kona, akivuka mwisho wa mbawa za wavu kwa upana wa kiganja, na kingo za mkato akaziacha zimesimama wima, siyo zimelala. Lipu mpya inayokutana na ya zamani kwa ncha nyembamba hubanduka. Inayokutana nayo kwa unene kamili hushika.

Akapanda juu akifukua mpaka alipoona zinki safi, kijivu kinachong'aa, bila doa hata moja. Hakusimama pale kutu ilipopungua. Alisimama pale ilipokwisha, halafu akaongeza kidogo. Akakata mbawa kwa mkasi wa bati na mgongo kwa msumeno wa chuma, polepole, asije akakipinda kipande kizima kilichobaki juu. Akatoa kile kibovu chote. Chuma chenye kutu kilichoachwa nyuma ya lipu mpya ni deni, na litadai riba.

Kwa kipande kipya, kwa kuwa kona iko jirani na bafu, alichagua cha plastiki chenye umbo lile lile. Kipo pia cha chuma kisichoshika kutu, nacho ni kizuri kikitumika kutoka chini hadi juu. Lakini kukiunganisha na cha zinki mahali penye unyevu si busara, maana vikigusana na maji yakiwepo, zinki huliwa haraka zaidi. Pale chuma cha zamani kilipokatwa, ncha yake ilikuwa imebaki bila zinki. Akaipaka rangi ya zinki na kuiacha ikauke. Kisha akachomeka msumari wa zinki usio na kichwa ndani ya uwazi wa migongo yote miwili, ya juu na ya chini, ili vipande visimame kwenye mstari mmoja. Akakibandika kipande kipya kwa madonge ya udongo wa saruji, akashusha timazi, akalaza rula ndefu ya alumini kuanzia kwenye lipu nzima hadi kwenye kona, uso huu na uso ule. Akasubiri madonge yashike. Kazi hii ya kusimamisha ilimchukua muda mrefu kuliko kupaka lipu yenyewe, na ndivyo inavyotakiwa. Kona iliyopinda haisahihishwi na puti.

Mchanga aliokataa ni ule wa ufukweni, ingawa ulikuwa karibu na wa bei ndogo. Chumvi iliyomo hutoboa ile kinga ambayo saruji hukijengea chuma, huvuta unyevu, na hutoa unga mweupe juu ya rangi. Akataka mchanga wa mtoni, msafi. Akachanganya ndoo nne za mchanga kwa moja ya saruji. Akapiga brashi kwenye kingo za lipu ya zamani kutoa vumbi, akalowesha tofali bila kuliacha likitiririka, akapaka uji mzito wa saruji, na kabla haujakauka akatia tabaka la kwanza. Hilo akalikwaruza kwa msumari na kuliacha chini kidogo ya usawa. Kesho yake akatia la pili, akiutumia mgongo wa kona kama reli ya kupitishia ubao. Hakuufunika mgongo kwa lipu nene, kwa kuwa ngozi nyembamba ya saruji juu ya kitu kigumu ndiyo ya kwanza kumeguka.

Alimwagiza Mwalimu ainyunyizie kona maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Ni jambo ambalo wenye nyumba wengi hulipuuza: saruji haipati nguvu kwa kukauka, inapata nguvu kwa kunywa maji taratibu. Baada ya hapo ndipo ikaachwa ikauke vizuri, ikapigwa rangi ya kwanza inayostahimili alkali, puti nyembamba ya kusawazisha, na rangi ya mwisho. Puti ilikuwepo. Ilikuja tu mahali pake, mwishoni, ikafanya kazi yake.

Je, kila kona iliyogongwa inahitaji yote haya? Hapana. Kama chuma kimebonyea bila kutu na hakichezi ukikisukuma kwa kidole gumba, kinyooshe kwa kuweka kipande cha mbao na kugonga mbao, usigonge chuma. Makali yaliyochomoza yapunguze kwa tupa. Toa vumbi lote, paka rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke kabisa, ndipo ujazie lipu na kusawazisha. Ndani ya nyumba kavu, penye kuta za jipsamu, hata jipsamu inafaa, mradi chuma kimeshapakwa kinga na hakuna unyevu. Kama chuma kinacheza, kikaze kwa misumari au skrubu za zinki kwanza. Lipu haiwezi kukishikilia kitu kinachotikisika.

Ziko pia nyumba ambazo hazitaki chuma wala saruji kabisa. Majumba ya Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na ya mji wa Lamu, ulioingizwa mwaka 2001, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta hizo nene hupokea unyevu na kuutoa. Ukizifunika kona zake kwa saruji na bati, unyevu unafungiwa ndani, chumvi inajikusanya, na mawe yanaanza kumomonyoka nyuma ya lipu inayoonekana nzima. Kona ya chokaa hutengenezwa kwa chokaa, na mwashi wa zamani aliiviringisha kidogo kwa mkono ili isimeguke.

Wazee walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua, na mwenye nyumba hana neno linalomhusu zaidi ya hilo. Mwalimu wa Tanga hakuwa mzembe. Alipoona ufa aliuziba, tena upesi. Kosa lilikuwa katika kuziba bila kupima. Na mafundi wa kwanza waliomhudumia walikosa kitu kimoja ambacho hakiuzwi dukani, nacho ni ujasiri wa kumwambia mteja kwamba kazi aliyoiomba siyo kazi anayoihitaji.

Kwa hiyo, fundi kijana unayesoma haya, ukiitwa kuziba kona, gonga ukuta kabla hujakoroga kitu. Ukikuta sauti ya uwazi, sema, hata kama utakosa kazi siku hiyo. Jina lako litakuletea nyingine. Mpangaji, ukiona doa la kahawia kwenye kona, mwambie mwenye nyumba mapema, na makali ya chuma yafunike kwa kitambaa na utepe wa gundi ili mtoto asiumie wakati unasubiri. Na wewe mwenye nyumba, funga koki zote jioni moja, nenda ukaisome dira yako. Ikiwa inatembea, pesa uliyotenga kwa ajili ya rangi mpe fundi bomba kwanza.